Spana Akataa Kufungua Mitambo

Aliyeanza kumwita Spana ni mumewe, fundi cherehani mtaratibu kuliko sindano zake. Mwanamke mwenyewe alikuwa mfupi, mkavu, na sauti iliyozoea kushindana na injini. Katika kiwanda cha maziwa aliajiriwa kufagia. Lakini kila mashine ilipogoma, alikuja akasimama karibu, ufagio kwapani, macho kwenye mikono ya fundi, mpaka fundi mkuu akamwambia, "Weka ufagio, mama. Shika spana." Mzee yule alipostaafu, mitambo ikabaki mikononi mwa Spana.

Kiwanda kile ndicho kilichoulisha mji. Wafugaji wa vilimani waliteremsha maziwa asubuhi wakapanda na sabuni, chumvi na karo za watoto. Kisha kampuni moja kubwa ikakinunua, na meneja mpya akaita mkutano uani. Alikuwa kijana mstaarabu, hakumvunjia mtu heshima. Alisema mitambo itahamia jiji kuu liliko soko. Hapa litabaki tangi la kukusanyia maziwa, na mlinzi.

"Uchumi wa mkoa mzima utakua," alisema, "na nyinyi mtakua nao."

"Tutakuaje, baba," Spana akauliza, "ikiwa tutauza maziwa halafu tuyanunue tena yakirudi mtindi?"

Watu wakaangua kicheko. Meneja akangoja kitulie, akamwomba Spana aanze kufungua mitambo kesho yake. Huko jijini angepewa kazi na nyumba.

"Sifungui."

"Mama, hii ni amri ya kazi."

"Nimeisikia. Sifungui."

Jioni ile mumewe alimwambia, "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha tangu nizaliwe. Safari hii apite pembeni."

Mume akamaliza mshono, kisha akasema, "Basi kula kwanza. Huwezi kugombana na kampuni ukiwa na njaa."

Asubuhi Spana alikuta amefukuzwa kazi, na lori limekuja na mafundi wengine. Hakurudi nyumbani. Alipindua ndoo akaikalia katikati ya lango. Dereva akapiga honi. Spana akakaza kitambaa chake cha kichwa. Wafugaji walipofika na maziwa wakauliza kulikoni, wakaelezwa. Wa kwanza akatua madumu yake kando ya ile ndoo, wa pili akafuata, mara njia yote ikazibika. Baadaye akatokea mumewe, kabeba cherehani begani. Akaitua mbele ya lori, akavuta kigoda.

"Na wewe umefuata nini?" Spana akamwuliza.

"Nina suruali ya mteja. Mwanga wa hapa ni mzuri."

Walikaa hivyo siku kadhaa. Maziwa yaligawiwa shule na zahanati. Kampuni haikupata hata kikombe. Askari walikuja, wakatazama ule umati wa kina mama na madumu, wakasema wanasubiri maelekezo. Mwishowe kampuni ikakubali kuzungumza.

Haikuwa ushindi mtupu. Mashine mpya ya kufungasha ilichukuliwa, na Spana alikataa kuigusa. Waliifungua wengine, yeye akiwa amewapa kisogo, machozi yakimtoka. Nusu ya wafanyakazi waliifuata jijini. Lakini boila kuukuu ya kuchemshia maziwa na jengo vilibaki, ushirika wa wafugaji ukavikodi, ukamrudisha kazini. Kuni za boila hiyo zilikuwa zimeshavinyoa vilima, hata chemchemi ikaanza kusuasua, kwa hiyo Spana na wenzake wakachimba shimo la kinyesi cha ng'ombe na kuvuta gesi hadi kwenye boila. Mara ya kwanza ilizimika. Mara ya pili ikanuka mji mzima, na majirani wakanuna. Siku hizi inawaka, na mtindi unauzwa hadi miji ya jirani.

Kampuni imetuma ujumbe kwamba mkataba ukiisha italitaka jengo lake. Spana ameupata. Juzi nilimkuta juu ya paa la kiwanda, misumari mdomoni, anabadilisha mabati.