Ufagio Mlangoni kwa Hilkka

Tangu Veera, binti aliyetumwa kupima kama kijiji kile cha pembezoni kingeweza kuvuta watalii, aanzie kazi yake kwa jirani Saimi, Hilkka hakubanduka dirishani. Roho ilikuwa inamuuma.

"Saimi ana nini cha maana? Sauna ya moshi, ya kuogea mvuke, hata mimi ninayo, na paa langu halivuji."

Kahawa aliyomwandalia mgeni ikapoa. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Akatoka, akauegemeza ufagio mlangoni kama watu wote wa Kainuu, mkoa wao wa kaskazini, wafanyavyo wakiiacha nyumba tupu, akazunguka nyuma ya ghala na kujibanza penye kuni za Saimi, asikie jirani anavyosifiwa.

Saimi akatokea peke yake na ndoo.

"Shoga, unafanya nini hapo?"

"Namtafuta paka."

"Paka wako si alikufa mwaka juzi?" Saimi akatua ndoo. "Haya, mgeni kashaondoka, kapita njia ya ziwani anakuja kwako. Nimemwambia asikose kuiona sauna yako, yangu haifui dafu."

Hilkka akatimua mbio. Alipofika, gari la Veera lilikuwa linaishilia kilimani. Alama za viatu kwenye theluji zilifika mpaka ngazini, zikageuka pale na kurudi. Ufagio ulikuwa umesimama mlangoni, ukitangaza kwamba hakuna mtu.

Hilkka akautupa thelujini.

"Saimi huyu," akasema, "amefanya makusudi."