Jina la Manowari Jabalini

Masouda binti Marhoon alikulia Unguja akimsikia baba yake akisimulia meli moja tu. Ilikuwa manowari ya Kiingereza yenye dohani nne, jina lake, kwa matamshi ya Marhoon, Tavena, naye aliitumikia ujanani, kabla ya Vita vya Kwanza, akitupia makaa matanurini. Alisema ubavu wake ulivikwa chuma kinene cha shubiri nzima, na mizinga ikilia, kule chini kwenye moto meno yao yaligongana. Ilizunguka Ghuba ikisaka majahazi yaliyopitisha bunduki kwa siri. Ilipotia nanga Maskati, mabaharia walipanda jabali wakaandika jina lake, naye akiwashikia ndoo ya rangi.

Watu walicheka, hawakumwamini. Walimwita Marhoon Manowari mpaka akafa.

Masouda alihamia Maskati miaka ya sabini, akakaa Darsait, akalea watoto, akazeeka. Bandari ya kale aliipita kwa gari tu. Mwaka 1996 mwanawe Bader alikodi boti kule Qantab, akamtembeza pwani hadi wakaingia bandarini kwa upande wa baharini.

Majabali yalisimama kama kuta, yamejaa majina ya meli, mengine mapya, mengine yamefifia. Masouda hakujua herufi za Kizungu. Alimshika mwanawe mkono.

"Nisomee, Bader. Yote."

Bader akasoma moja moja. Juu kabisa, chini ya ukingo uliozuia jua, akasita.

"Tar... Tarvena. Limechakaa, mama, lakini ndilo."

"Soma tena."

"Tarvena."

"Subhanallah! Baba alifika kule juu?"

Hapakuwa na njia wala pa kukanyaga. Walitazama mpaka shingo zikawauma, na mwenye boti akazima injini bila kuambiwa.

Baadaye Bader alimuuliza mwanamaji mmoja mstaafu. Naye akamwambia manowari ile ilisindikiza meli za mizigo muda wote wa vita vile, ikatoka salama, kisha ikauzwa na kukatwakatwa vyuma. Bader aliogopa kumpa mama yake habari hiyo, lakini alimpa.

Masouda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Meli ya watu mamia, haikubaki hata msumari," alisema. "Na rangi ya baba ipo!"

Akaomba simu, akampigia kaka yake Sleiman, Unguja. Alilia na kucheka pamoja.

"Sleiman, nimeliona kwa macho yangu. Waambie wote waliobaki hai huko: baba hakuongopa."