Nukta ya Jumatatu

Maabara nzima tulimwita Rula, maana hakuna aliyewahi kumwona akichora mstari kwa mkono mtupu. Alipima damu za watu miaka kumi na tisa, na kumi kati ya hiyo aliingojea nafasi ya msimamizi wa ubora. Nafasi ilipopatikana, akapewa mdogo wa kike wa mkewe, shemeji ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Mimi nakaa dirisha la mapokezi, na siku ile nilimwona akimpongeza: meno nje, macho makavu.

Wivu wake haukujua kujificha. Shemeji alipoletewa kiti cha magurudumu, Rula aliumwa mgongo wiki nzima. Daktari mkuu akimsifu shemeji kikaoni, Rula hushikwa na kikohozi. Hata nyumbani hakupumzika, kwa sababu mkewe alimtaja mdogo wake kwa fahari kila walipokaa mezani, na tonge likamkwama mume wa watu kooni.

Kila asubuhi, kabla ya damu za wagonjwa, Rula alipima kwanza kontro, yaani majimaji ya chupa ambayo kiwango chake cha sukari kinajulikana. Jibu lake lilitiwa nukta kwenye chati. Katikati ya chati kuna mstari wa wastani. Juu yake na chini yake kuna mistari ya onyo. Nukta moja ikivuka onyo, unamwambia msimamizi na mnatafuta sababu. Ya pili ikifuata upande uleule, mashine inasimama na majibu hayatoki, aje nani asije nani.

Jumatatu nukta ilivuka onyo kwa juu. Rula aliitia, akaitazama, akanyamaza. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatano, naye alitaka waikute pale, onyo lisilojibiwa, chini ya jina la shemeji yake. Alitaka aumbuke, basi. Majibu ya wagonjwa thelathini na mmoja niliyagawa mwenyewe dirishani, sijui hili wala lile.

Jumanne nukta ya pili ikavuka, juu vilevile. Hapo Rula akaona maji yamezidi unga. Husuda alikuwa nayo tele, lakini mkono uliozoea kazi ulikataa kuendelea. Akasimamisha mashine, akaenda kumwita msimamizi.

Shemeji hakupiga kelele. Alizisoma nukta mbili, akafungua mashine, akakuta chupa ya dawa inayopimia sukari ilikuwa imebadilishwa Jumatatu alfajiri na mashine haikurekebishwa kuifuata. Kumbe majibu yote ya Jumatatu yalisoma juu kuliko ukweli. Akafunga kifuniko taratibu, na bila kumtazama akauliza:

"Shemeji, ya jana hukuiona?"

"Niliiona."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Rula alishika ukingo wa meza. "Nilitaka wakaguzi wakukute nayo."

Nilikuwa mlangoni na daftari la wagonjwa, nikatamani ningekuwa kwingine. Shemeji akaniambia nilete daftari, na akamwambia Rula atoe damu za Jumatatu kwenye friji wazipime upya. Walifanya kazi bega kwa bega. Majibu yalishuka yote. Mengi hayakumdhuru mtu, ila mzee mmoja alikuwa ameshaongezewa dozi kwa sababu ya jibu letu, na dozi ile ingeweza kumshusha sukari hadi azimie.

Shemeji akapiga simu palepale. Alimsalimia mzee, akamwomba asimeze kile kidonge cha kuongeza na arudi kwa daktari leo hii. "Jibu la jana halikuwa sahihi, mzee wangu," akasema. "Mimi ndiye msimamizi. Kosa ni langu."

Nimeuona wivu wa Rula wa kila aina, lakini ule wa siku ile sijauona tena. Uso ulimbadilika. Alikuwa anamsikiliza yule binti akilibeba kosa kwa sauti tulivu, kama mtu aliyezaliwa nalo, na mzee upande wa pili akimshukuru. Rula aliinuka, akazunguka meza, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu, shemeji," akasema. "Hilo ni langu."