Chanuo Halina Kosa

Msusi wa mtaani kwetu ana machanuo saba, na anayaheshimu kuliko wateja. Moja la mbao hukaa limechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, na ndilo analotumia kuchania, kukuonyesha kiti na kunyamazisha wabishi. Ukisema linauma, jibu ni lile lile miaka yote: "Chanuo halina kosa, shoga. Kosa ni la kichwa."

Juzi, nikisubiri zamu yangu, kitini alikaa jirani yake msusi, ametoka hospitali wiki hiyo hiyo, anataka asukwe kwa ajili ya harusi ya bintiye Jumamosi. Chanuo lilipita mara moja likarudi na fungu zima la nywele. Msusi akalisokomeza fungu hilo mfukoni mwa aproni, umbea ukiendelea. Fungu la pili nalo likaenda huko huko.

"Zinatoka?" jirani akauliza, taratibu.

"Chanuo bovu hili, linakata nywele za watu." Akalitupa kwenye ndoo ya taka, kwa kishindo. "Jumamosi nitakufunga kilemba, dada, mpaka bibi harusi aone wivu."

Jirani alipoondoka, msusi aliinama ndooni, akalitoa, akaliosha kwa sabuni mara mbili. Kisha akanionyesha kiti nalo.

"Kaa. Na usianze kulia, chanuo halina kosa."