Mkalimani wa Bi Muhsina

Mastura binti Thani alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya wasichana kule Bawshar, Oman, na kwa ukoo mzima Kiingereza chake kilikuwa mali ya umma. Barua za ubalozi, karatasi za dawa, hata kitabu cha mashine ya kufulia, vyote vilikwenda kwake. Basi mwaka 1999, mama yake Bi Muhsina alipopelekwa London kutibiwa ini, hapakuwa na mjadala nani amsindikize. Bi Muhsina alikuwa na Kiswahili chake cha Unguja na Kiarabu cha kuzungumzia na majirani wa mtaa wake wa Azaiba. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji.

Kabla hawajaondoka, Badr, kaka yake Mastura, alimvuta pembeni akamlisha yamini: likitokea baya, mama asiambiwe. Ndivyo watu wetu walivyo. Mgonjwa huwa wa mwisho kujua kinachomuua, na hilo tunaliita huruma. Wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, lakini nani anawasikiliza?

Jumatatu daktari alikaa nao robo saa nzima, akaeleza kwa upole kwamba maradhi yameenea, kupasua hakufai tena, na miezi iliyobaki huenda isizidi minne. Mastura akamgeukia mama yake. Alisema, "Upumzike, inshaallah utapata nafuu."

Tangu hapo usingizi ulimruka Mastura. Bi Muhsina alikuwa na dada yake, Shaikha, aliyebaki Unguja. Waliteta juu ya nyumba ya baba yao na hawakusemezana miaka kumi na sita. Kila siku mama alisema kwamba akishapona atakwenda kumwomba radhi, na kila aliposema, Mastura alijiona mwizi.

Alkhamisi, kwa kuukimbia ukimya wa fleti waliyopanga, alikata tikiti mbili za basi la watalii wakaenda shamba, nje ya London, mwendo wa saa mbili, kutazama ngome ya miaka mia saba. Bi Muhsina, makoti mawili juu ya baibui, alitoa hukumu palepale: husuni ya Nizwa, ngome ya kwao Oman, ni safi zaidi, hii imeachwa ikaota majani ukutani.

Aliyewatembeza alikuwa bibi wa Kiingereza mwenye maneno yasiyokwisha, na Mastura alitafsiri yote, mpaka mabinti watatu wa bwana wa ngome na ugomvi wao. Walipofika penye tundu juu ya lango, ambapo maadui walimwagiwa maji ya moto, Bi Muhsina alicheka, akataka yule bibi aambiwe kwamba Oman walimwagiwa asali ya tende iliyochemka. Bibi alifurahi sana, akaiandika.

Baadaye wakakaa kwenye benchi la jiwe uani.

"Mwanangu," alisema Bi Muhsina, "yule bibi akisema maneno kumi, nawe wanipa kumi. Daktari kasema mpaka koo limemkauka, ukanipa manne. Mengine umeyaweka wapi?"

Mastura alimtazama mama yake, macho yameshaingia umanjano, akalia. Kisha akampa mengine yote, na ile miezi pia, bila ya kupunguza.

Bi Muhsina aliuliza jambo moja tu, kama miezi hiyo imeanza kuhesabiwa Jumatatu au itaanza wakifika nyumbani.

"Tafuta ndege," akasema mama. "Nna safari ya kwa Shaikha kabla miguu haijanikataa. Na Badr usimwambie kama nnajua. Yule hataweza."

Alikwenda Unguja wiki mbili, akarudi na kanga alizopewa na dada yake. Badr aliamini amekwenda kubadilisha hewa. Agosti Bi Muhsina akafariki.

Siku ya tatu ya matanga, Badr alimkuta dada yake chumbani mwa mama anakunja nguo. Alimshukuru kwa kuitunza ile yamini.

"Hakuogopa hata siku moja," alisema, "kwa sababu hakujua."

"Hakuogopa," Mastura akamjibu.