Viti Mia na Hamsini vya Harusi ya Mtoni

Jamani, naombeni mnicheke taratibu, maana darasa la takwimu nimeanza juzi tu.

Mwalimu alitufundisha kigeu nasibu, yaani namba ambayo huijui mpaka bahati iamue. Nikawaka kwa hamu! Harusi ya mdogo wangu Rehema ilikuwa imekaribia, na katibu wa kamati ni mie. Kadi zilikuwa mia moja, zote za dabo. Nikawaeleza wajumbe: kadi moja inaweza kuleta watu wawili, mmoja, au asije mtu kabisa. Kwa harusi nilizohudhuria, wastani ni mmoja na nusu. "Kwa hiyo viti mia na hamsini vinatosha!"

Mama Zuhura, mwenyekiti wetu, akaniuliza, "Mwanangu, una uhakika?"

"Mama, hii ni hesabu!"

Ili jumla isiende mbali na mia na hamsini, hesabu yangu ilitaka kila kadi iamue peke yake. Mtaani kwetu Mtoni nani anaamua peke yake? Jirani anamuuliza jirani, "Unaenda?" Wakishashona sare, wanakuja wote. Na mie sare hiyohiyo nilishona, nikaivaa, nikapendeza, wala sikushtuka!

Ukumbi ukajaa mpaka mlangoni. Mshereheshaji akashika maiki: "Aliyeagiza viti asimame tumwone!"

Sikuwa na haja ya kusimama. Nilikuwa nimesimama tangu bibi harusi anaingia, kiti changu kakikalia shangazi wa bwana harusi.