Majengo Aliyonionyesha Mke Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kochi letu la Peckham, London, lina bonde upande mmoja, na bonde hilo ni mimi. Mke wangu, ambaye ni nesi, alizoea kunitania mbele za watu: "Huyu ndiye mwenye nyumba. Mimi mpangaji tu, nikitoka shifti napiga hodi." Watu wanacheka, mimi nacheka kuwashinda wote, na sinyanyuki.

Alipopata kazi Manchester alisema anaenda kujaribu. Miezi ikapita, simu zikawa fupi. Siku moja nikamwambia nakuja.

"Wewe? Kwa miguu yako mwenyewe?"

Nikapanga begi: dagaa wa Mwanza kutoka duka la pale mtaani, unga, pajama na mswaki. Nilikuwa naenda kumrudisha. Nikishindwa, basi walau nilale kwake tuzungumze jikoni, maana ugomvi wetu wote tumeumalizia jikoni, yeye akikaanga, mimi nikimzibia njia.

Alinipokea stesheni akiwa amevaa koti jipya. Nikadhani tunaelekea kwake.

"Twende kwanza nikakuonyeshe mji," akasema.

Tukaanza na maktaba kuu, jengo la duara lenye kuba. Chini ya kuba ile sauti haipotei. Nilikohoa mara moja tu, kikohozi kikazunguka ukumbi mzima kikanirudia kama kimesahau kitu. Harufu ya dagaa nayo ikakataa kubaki begini. Kijana mmoja akainua kichwa kwenye kitabu chake, akatazama viatu vyangu.

"Umebeba nini humo, maiti?" mke wangu akaninong'oneza.

"Dagaa wako."

Akaziba mdomo, mabega yakamtetemeka. Alivyocheka nikajua bado tupo.

Kutoka hapo akanipeleka kwenye ukumbi mkubwa ambamo zamani matajiri waliuziana pamba. Sasa katikati yake wamesimamisha ukumbi wa maigizo wa vyuma na vioo, kama chombo kilichotua kutoka mwezini kikakosa pa kuegesha. Juu ukutani bei za pamba za siku ya mwisho bado zipo. Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Shinyanga, na sekondari nilikariri kwamba viwanda vya nguo viliwekwa huku kwa sababu hewa ina unyevu. Nikamweleza yote hayo, na kidole juu.

"Hongera. Jiografia ulipata ngapi?"

"C."

"Ndiyo maana umechelewa kufika."

Tukaingia maktaba nyingine, ya zamani, nje nyeusi, ndani kama kanisa, mawe yamechongwa mpaka kwenye dari. Akaniambia mjane mmoja ndiye aliyeijenga, kumkumbuka mumewe. Nikatazama juu mpaka shingo ikauma.

"Na mimi nikifa utanijengea nini?"

"Kochi," akasema, bila hata kufikiri.

Tulitoka tukicheka. Pale mlangoni tukakutana na Mkenya mmoja, nesi mwenzake wa wodini. Wakasalimiana, wakazungumza kidogo kuhusu rota ya shifti, kisha yule dada akanigeukia.

"Na huyu?"

"Mgeni wangu huyu, kutoka London."

"Aa, karibu sana! Amekuonyesha town yote? Si uko na bahati!"

Nikasubiri mke wangu acheke, aseme anatania. Akawa anatafuta glavu mfukoni. Nikasema asante, mji ni mzuri. Ilikuwa kama ile sindano ya daktari wa meno: unajua kuna kazi inafanyika mdomoni mwako, ila wewe husikii kitu.

Kwetu anayeonyeshwa majengo ni mgeni. Mtu wako unampa ufunguo, unamwambia wali uko kwenye friji, unaenda kazini. Siku nzima nilikuwa nimetunzwa vizuri mno. Hata kwenye tramu alinipisha nikae dirishani.

"Kwako ni mbali?" nikauliza.

"Si mbali. Ila treni yako isije ikakuacha."

Mimi sikuwa na treni. Sikuwa nimekata tiketi ya kurudi. Nikaikata pale stesheni, kwenye mashine, yeye akinionyesha pa kubonyeza, kwa upole, kama anavyowaonyesha wazee wa wodini kwake. Nilibonyeza kila aliponiambia.

Pale kwenye geti nikamkumbusha dagaa. Akachuchumaa, akafungua begi langu. Akatoa dagaa, akatoa unga. Kisha akaiona pajama. Akabaki ameishika kidogo, akaikunja upya, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeikunja mimi, akairudisha. Juu yake akaulaza mswaki. Akafunga zipu taratibu.

Nyuma yake watu walikuwa wanakimbilia treni zao na vikombe vya kahawa mkononi, na mimi nilikuwa nawaza kwamba zipu ile ilikuwa mbovu, yeye kaiwezaje.

"Ukifika unijulishe," akasema. Akainuka, dagaa kifuani. "Karibu tena."

Na mimi, mume wake, nikajibu kama wageni wanavyojibu.

"Asante. Nimeshakaribia."